Koti la Matundu na Zipu ya Mgongoni

Vijana wangu wa kijiweni, shikamoo zenu nimezipokea zote, hata za wale wanaosalimia huku wanatazama simu. Mwezi uliopita niliacha kazi. Sisi wa bodaboda hatuandikiwi barua ya kustaafu. Mimi magoti ndiyo yaliyoniandikia. Mwenyekiti wenu akanifuata nyumbani akasema, kwa ile heshima ya wazee wa kwetu, "Meku, kabla hujasahau, tuandikie lile jambo la makoti. Hawa vijana nusu yao wanavaa blanketi mchana wa jua, nusu nyingine wanavaa fulana tupu." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka. Akaniachia daftari, akaenda zake. Basi ndiyo hili, na mkiona nimepotea njia, vumilieni, nitarudi.

Kazi hii nilianza nikiwa mtu mzima mwenye watoto watatu. Kabla ya hapo nilikuwa na kahawa kihambani, shamba la ukoo, kwetu Old Moshi. Kahawa ikachoka au mimi nikachoka, hatujui nani alitangulia. Aliyenifundisha pikipiki ni jirani yetu Mzee Anaeli, aliyekuwa akibeba madumu ya maziwa kutoka mlimani hadi mjini. Siku ya kwanza nilifika kwake alfajiri nikiwa na hamu ya kushika gia. Hakunionyesha gia. Alinitazama koti.

"Vua," akasema.

Nikavua.

"Livae tena. Kinyume."

"Kinyume vipi, Mzee?"

"Mgongo uje mbele, zipu iende nyuma. Upepo wa kushuka hapa ukikuta zipu kifuani unaingia kama mgeni aliyealikwa. Unataka kukohoa mpaka Pasaka?"

Ndivyo tulivyovaa wote, na wengi wenu mnavaa hivyo mpaka leo. Sasa zipu ya mgongoni huwezi kujifungia mwenyewe. Ungepita Old Moshi alfajiri ungewaona wanawake wamesimama milangoni wakiwafunga waume zao zipu kama watoto wa chekechea, na mikono ya mwanamume imening'inia tu. Asiye na mke alikwenda kwa akina mama wa maziwa, akageuza mgongo bila kusema neno, akafungwa. Mwenzetu mmoja, tulimwita Kiredio kwa ajili ya mdomo wake, alifungwa zipu na binti mmoja wa maziwa miezi mingi, hadi siku binti akamwambia, "Wewe, hii zipu nitakufunga mpaka lini na nyumbani kwetu hawakujui?" Wana watoto wanne sasa. Mimi nilikuwa na Mama Ndeshi wangu, na alikuwa anafunga kwa nguvu kiasi kwamba nilifika Kiboriloni ndipo nikavuta pumzi.

Nirudi kwenye koti.

Taabu yetu sisi wa huku ni kwamba siku moja ina nchi mbili. Saa kumi na mbili asubuhi uko kwenye ukungu, vidole havisikii. Saa sita mchana umepata abiria wa Bomang'ombe, na ile lami ya kule inakupumulia usoni kama mdomo wa jiko. Makoti yetu yalikuwa yale mazito ya mitumba, yenye manyoya ndani, yaliyoshonwa kwa ajili ya watu wa theluji. Theluji yetu sisi iko juu kule, haijawahi kushuka kututafuta.

Msidhani jasho ndilo baya. Jasho linafuliwa. Baya ni ule usingizi. Ukipikwa ndani ya koti, kichwa kinakuwa kizito, macho yanaona barabara lakini akili iko mahali pengine imekaa kivulini. Siku moja nilipita pale abiria wangu alipotaka kushuka, nikaendelea tu, mpaka yule mama akanigonga helmeti kama anabisha hodi: "Baba! Unanipeleka Arusha kwa nani?" Nikashtuka. Tangu siku hiyo nikasema koti nalivua mjini, nabaki na fulana. Nikajiona nimepata akili.

Akili hiyo ilidumu mpaka Soweto, ule mtaa wa Moshi mjini. Bata mmoja alikatiza barabara na watoto wake, akafika katikati, akabadilisha mawazo. Nilimkwepa bata, sikuikwepa lami. Mwendo ulikuwa mdogo kabisa, mtu wa baiskeli angenipita, lakini lami ilininyoa ngozi toka begani mpaka kiwikoni, na mgongo nao ukapata sehemu yake. Wiki tatu nililala kifudifudi. Kila jioni Mama Ndeshi ananiosha kidonda na maji ya chumvi, mimi nalia, yeye anahubiri.

Siku nilipoweza kukaa aliniletea mtori, akaningoja nimalize bakuli. Kisha akasema, "Baba Ndeshi, sikiliza vizuri maana sitarudia. Ukirudi hapa tena na ngozi imebaki barabarani, pikipiki inauzwa siku hiyo hiyo, tunanunua ng'ombe."

"Ng'ombe?"

"Ng'ombe. Hakimbii, haanguki, na anakaa nyumbani."

Nikakubali, nifanye nini, mgongo wenyewe alikuwa ameushika yeye. Lakini niwaambie ukweli wangu, mimi sikuwahi kupenda kitu nilichokifanyia kazi kama nilivyoipenda ile pikipiki. Kahawa niliilima kwa kuwa baba aliilima. Pikipiki niliichagua mwenyewe. Kushuka kona za mlimani asubuhi, madumu yamekaa sawa, migomba inakupita huku na huku, na kila mtu anakusalimia kwa jina. Ng'ombe hana gia. Basi nikaamua nitafute koti litakalozuia lami bila kunipika, maana hapo ndipo riziki yangu na furaha yangu zilipokuwa zimening'inia.

Nilianza na la ngozi. Jeusi, zito, nililipata Kiboriloni kwenye mitumba, nikalivaa nikajiona kama mtu anayewadai watu heshima. Ngozi ya kweli ni kinga, sitadanganya. Lakini nenda nalo Bomang'ombe mchana. Nilifika nikiwa nimeiva, nikawa natoa harufu ya nyama. Likaenda. La pili lilikuwa la ngozi ya uongo, ile ya plastiki inayong'aa. Hilo halikuhitaji ajali, lilianza kubambuka lenyewe kama nyoka anayejivua gamba. Abiria walikuwa wanashuka na vipande vyeusi mashavuni. Kikafuata kizibao kile cha kijani kinachomulika. Kivaeni, kinakufanya uonekane, lakini kuonekana ni jambo moja na ngozi ni jambo jingine. Lami inakuona vizuri tu na bado inakuchuna.

Ndipo siku moja yule muuza mitumba akafungua mzigo, akaninyanyulia koti la kijivu lenye matundu madogo madogo kifuani, mgongoni na mikononi, kama chandarua kigumu.

"Hili limeliwa na panya," nikamwambia.

"Mangi, acha dharau. Hili ni la pikipiki, la nchi za joto. Peleka mdomo hapa upulize."

Nikapuliza. Pumzi yangu ikampata yeye usoni upande wa pili, akakunja pua. "Umeona? Na umekula vitunguu."

Sasa hapa mshike kalamu, maana hili ndilo mwenyekiti alilonituma. Koti la joto unalipuliza kwanza; hewa isipopita, matundu hayo ni pambo. Kisha ulivute kitambaa kwa mikono miwili kama unakamua nguo. Kikilia kwenye mshono, rudisha. Mishono ya begani na kiwikoni iwe miwili au zaidi, na uzi uwe mnene. Begani na kiwikoni ndani kuna vipande vigumu, mimi naviita magamba. Bonyeza kwa kidole gumba. Gamba zuri linabonyea kidogo na kurudi. La zamani lililokauka linapasuka kama mkate wa jana, na hilo halikusaidii. Halafu usilijaribu umesimama kama unapigwa picha. Omba kigoda, kaa, nyoosha mikono kama umeshika usukani. Mikono ya koti ikipanda ikaacha vifundo wazi, ni fupi. Mwambie mtu akamate gamba la kiwiko alizungushe. Likizunguka kirahisi, hata siku ya kuanguka litazunguka likuache. Koti likukumbatie, lakini libaki na nafasi ya sweta. Rangi iwe nyeupe-nyeupe au kijivu, nyeusi waachie wachungaji.

Na asubuhi ya baridi je? Sweta ndani, koti la matundu katikati, koti jepesi la mvua juu. Ukifika Kiboriloni jua limetoka, vua la juu na la ndani, funga nyuma ya kiti. Hapo una nchi zote mbili.

Hayo yote mimi niliyafanya vizuri. Kigoda nilikaa, gamba nilizungusha, mshono nilivuta. Nikalinunua, nikalipeleka nyumbani kwa shangwe. Asubuhi nikalichukua, nikalivaa, nikageuza mgongo, na Mama Ndeshi akanifunga zipu.

Mmeelewa? Mimi sikuelewa.

Wiki nzima nilitembea nalo hivyo. Upepo ulikuwa mtamu, mchana wa Bomang'ombe nilijiona kama naoga mferejini. Ila kola ilinikaba koo, na nikikunja mkono kuna kitu kigumu kinanizuia katikati ya mkunjo. Nikamwambia Kiredio, "Hawa waliotengeneza hili koti sijui viwiko vyao viko wapi."

Kiredio akapapasa, akafikiri, akasema kwa uhakika wote, "Wazungu mikono yao ni tofauti." Nikaridhika. Ndivyo tulivyokuwa, kijiwe kizima cha wanaume wazima.

Siku ya nane, Soweto tena, mtu alikuwa amemwaga mchanga wa kujengea mpaka nusu ya barabara. Tairi la mbele likaenda zake, nami nikaenda zangu. Nikainuka haraka, nikajipapasa: mgongo mzima, bega zima, kiwiko cha kulia kinawaka. Mkono wa koti umechanika na damu inachuruzika. Sikuwaza kidonda. Niliwaza ng'ombe.

Karibu na pale alikuwepo fundi wa cherehani, Bi Zuhura, mtu wa mjini, mikono yake ni dhahabu na ulimi wake ni mkasi. Nikamkimbilia nikamwambia, "Dada yangu, nishonee hapa haraka kabla sijaenda nyumbani."

Akanifungia kitambaa kiwikoni kwanza, kisha akalichukua koti, akalikagua. Akaligeuza. Akanitazama.

"Hili gamba halina hata mkwaruzo," akasema. "Kiwiko ndicho kimekwaruzika. Ulianguka vipi wewe, ulikumbatia barabara?"

"Nilianguka ubavu."

"Hebu livae nilione."

Nikalivaa, nikamgeuzia mgongo anifunge. Kisha nikasikia mkasi umewekwa mezani.

"Baba Ndeshi. Zipu inafanya nini mgongoni?"

"Inazuia upepo."

"Koti la matundu?"

"Ndiyo."

"Umenunua koti la matundu ili upepo uingie, halafu unalivaa kinyume ili upepo usiingie?"

Wakati huo ndipo akili yangu ilipofika, imechelewa na imechoka. Bi Zuhura alicheka mpaka akakalia vitambaa vya wateja. Akawaita na majirani: "Njooni muone kaka yangu wa mlimani, amekinga mikunjo ya mikono!" Nilicheka nami, ingawa kiwiko kiliniuma kila nilipocheka. Nikamuuliza kama anaweza kunishonea na gamba la mgongoni. Akafuta machozi akasema, "Mfuko wa kulitia nitakushonea. Gamba lenyewe tafuta la kweli, usiniletee godoro. Mimi nashona nguo, sishoni mifupa." Maneno hayo yaandikeni pale kijiweni.

Lakini nyumbani nilipaswa kwenda. Nilimkuta Mama Ndeshi anamenya ndizi. Hakuuliza habari, alitazama mkono.

"Kunjua."

Nikakunjua kitambaa. Akakitazama kidonda, akaweka kisu chini, akasema polepole, "Basi. Nitamtuma mtu kwa yule bwana aliyekuwa anaiulizia pikipiki."

"Mama Ndeshi, ngoja. Koti lilivaliwa kinyume." Nikamwonyesha gamba zima lisilo na alama, nikamwonyesha linapokaa likivaliwa sawa, nikamwonyesha kiwiko. Nilijieleza kama mtu aliye mbele ya hakimu. Naye aliligeuza koti, akaligeuza tena.

Kisha akauliza, "Leo asubuhi nani alikufunga zipu?"

"Wewe."

"Na jana?"

"Wewe."

"Na siku ile ya kwanza?"

Sikujibu, maana jibu lilikuwa linaniendea vizuri na mtu mwenye busara hapo hunyamaza. Mama Ndeshi ni mzee wa kanisa mtaani kwetu, hapindishi jambo hata lile ambalo lingemfaa yeye. Akachukua kisu, akaendelea na ndizi.

"Hili halihesabiki," akasema. "Tumelifunga wote wawili. Lakini umebakiwa na moja tu, Baba Ndeshi. Moja."

Kesho yake nikavaa koti zipu mbele. Nilipofika kijiweni Kiredio aliruka kutoka kwenye pikipiki. "Jamani! Tumeletewa karani! Shikamoo karani, faili langu limepotea!" Mwingine akauliza kama mke wangu amenikimbia hata sina wa kunifunga. Walinicheka mwezi mzima, na kila mchana tukirudi kutoka Bomang'ombe wao wamelowa kama wamevuliwa mtoni, mimi mkavu. Mmoja mmoja wakaanza kuniuliza pembeni, sauti ya chini, lile koti linapatikana wapi. Kiredio alikuwa wa mwisho. Alisema analitafutia shemeji yake.

Sasa niwaambie ile moja iliyobaki. Ilikuwa Bomang'ombe, mchana, karibu na wanapoegesha mabasi. Nilikuwa nimeshusha abiria, nakata kona kurudi Moshi, na pale chini palikuwa na oili imemwagika. Sikuiona kabisa. Pikipiki ililala, nikateleza juu ya lami kama sabuni bafuni, naisikia sauti ya koti linasagika, krrrr, nami nahesabu kimoyomoyo, ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Nikasimama. Watu wakanizunguka, mama mmoja muuza ndizi akaniambia, "Pole baba, kaa chini kwanza." Sikuthubutu kujitazama. Niliinyanyua pikipiki, nikaipangusa, nikarudi nayo taratibu njia nzima nikiisikiliza injini, kama mtu anayeongea na rafiki anayesafiri.

Nyumbani nilisema mwenyewe kabla ya kuulizwa. "Nimeanguka."

Mama Ndeshi akafunga mlango, akavuta mapazia, saa tisa ya mchana. "Vua yote."

Akanikagua kama ng'ombe wa mnadani, samahani kwa mfano huo. Ananiinua mkono, ananigeuza, ananibonyeza mbavu.

"Hili?"

"La bata."

"Hili?"

"La mchanga."

"Na hili la gotini?"

"Hilo la utotoni, mundu wa baba."

Alimaliza upande wa kulia, akaanza wa kushoto, akarudia wa kulia. Hakukuwa na kitu. Wekundu kidogo tu kiunoni, kama nimelalia mkeka. Akakaa kitandani, akalichukua koti. Gamba la kiwiko lilikuwa limesagika mpaka limetoa unga, na kitambaa pale kimechanika. Akapitisha kidole kwenye lile tundu, akakichezesha upande wa pili, akakitazama muda mrefu. Nikaona macho yake yamelowa, nikataka kusema neno, akaniwahi.

"Kesho unanipeleka Kiboriloni."

"Kuuza pikipiki?"

"Kununua koti. La wanawake yapo?"

Vijana, miaka yote hiyo mke wangu hakuwa amekaa juu ya pikipiki yangu hata mara moja. Kanisani alikwenda kwa miguu, sokoni kwa gari la watu. Kesho yake alimtesa yule muuza mitumba mpaka nikamwonea huruma. Alipuliza makoti sita. Alivuta mishono, akabonyeza magamba, akaomba kigoda, akakaa na kunyoosha mikono hewani kama ameshika usukani, katikati ya watu, na kitenge chake.

"Mama, kwani na wewe unaendesha?" muuzaji akauliza.

"Leo ni abiria," akasema. "Ya kesho usiulize."

Tulinunua, na helmeti tukanunua, tukashika njia ya Bomang'ombe kwa sababu tu alitaka kuona pale nilipoangukia. Mchana ule ule wa moto, upepo unapita kifuani kwangu na kifuani kwake. Tulipovuka makazi, barabara ikafunguka, akanigonga bega.

"Baba Ndeshi," akapaza sauti, "ongeza kidogo!"

Nikamwambia haiwezekani. Nimebeba abiria.